Shilingi ya Afrika Mashariki (sarafu)

Shilingi ya Afrika Mashariki ni sarafu iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1921 kwa matumizi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Zanzibar ilijiunga mwaka 1936. Iligawanywa katika senti 100, na shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Shilingi za kitaifa zilianza kuchukua nafasi yake mwaka 1966, lakini bado ni rahisi kuipata kwa wauza vitu vya kale.

Utambuzi
Upande mmoja una simba aliyesimama mbele ya milima, pamoja na mwaka. Upande wa pili una sura ya mfalme: George V (1921–1925) au George VI (1937–1952). Sarafu za hadi 1946 zina robo ya madini ya fedha. Kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Maandishi yanayomzunguka mfalme hutosha kuzitofautisha: za zamani zina herufi IND, kwa kuwa alikuwa pia mtawala wa India, cheo kilichoondolewa baada ya India kujitawala mwaka 1947. Herufi ndogo hutaja kiwanda: H na KN ni Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria.

Thamani
Sarafu ya zamani ina uzito wa gramu 7.8 hivi, kwa hiyo fedha halisi ndani yake haifiki gramu mbili. Umri peke yake haupandishi bei. Kinachopimwa ni uhaba na hali. Shilingi za 1923 zilitengenezwa chache kuliko za 1924. Kagua manyoya ya shingo ya simba: yakiwa yamesagika na kuwa laini, sarafu imezunguka sana mikononi na bei hushuka.

Utunzaji
Shika sarafu kwa ukingo. Usiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno. Kusugua huko huleta mng'ao lakini hula uso wake, na wakusanyaji hukutambua mara moja. Vumbi litolewe kwa maji safi, kisha sarafu ikaushwe kwa kugusishwa kitambaa laini bila kusugua. Plastiki laini ya PVC huacha utando wa kijani unaokula madini, na unyevu wa pwani huharakisha uharibifu. Hifadhi kila sarafu peke yake, mahali pakavu. Andika pia ilitoka kwa nani na wapi, maana habari hizo zikipotea hakuna kipimo kinachoweza kuzirudisha.