Chokoraa ni Nani? Historia ya Plastiki Kutoka Majoreni

Leo tuongee historia, lakini si ile ya kukariri ndo upite mtihani.

Nilipoacha chuo kikuu kabla ya kumaliza, nilirudi nyumbani Majoreni mikono mitupu. Karo ilikuwa imetushinda. Bibi yangu hakuniuliza maswali. Alinipa gunia tupu akaniambia, "Mjukuu wangu, kule pwani kuna pesa zinaelea." Alimaanisha chupa. Siku ya kwanza tu, mtoto wa jirani akaniita chokoraa. Iliniuma, siwafichi.

Lakini kazi hiyo ndiyo ilinifanya niulize: hii plastiki ilitufikaje?

Bibi anakumbuka siku ambazo haikuwepo. Samaki walibebwa kwa pakacha la kuti la mnazi. Likichakaa unalitupa, mchwa wanamaliza kazi. Sokoni mtu alienda na kikapu cha ukili. Mkebe wa mafuta uligeuzwa koroboi, tairi kuukuu likawa akala. Kwa hiyo mtu asiniambie kurejeleza ni elimu tuliyoletewa juzi. Mfuko wa nailoni tunaoujua ulibuniwa na Mswidi, Sten Gustaf Thulin, miaka ya 1960. Ulipotufikia, sisi tukaendelea na mazoea ya pakacha: ukichakaa, tupa. Kumbe huu hauozi.

Serikali ilijaribu kuuzuia mwaka 2007, ikashindwa. Ikajaribu tena 2011, ikashindwa. Zanzibar walikuwa wameshatutangulia tangu 2006. Kwetu sheria iliuma tarehe 28 Agosti 2017: faini ya hadi shilingi milioni 4, au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania bara wakafuata Juni 1, 2019. Yaani kwa karibu miaka miwili, mfuko wa kukufunga ukiwa Lungalunga ulikuwa halali ukivuka tu Horohoro! Plastiki haijui mpaka, na maji ya bahari hayagongwi muhuri.

Sasa sikia hapa. Sheria ya 2017 iligusa mifuko, haikugusa chupa. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na fuo zilizolindwa, ikiwemo Kisite-Mpunguti hapo mbele ya Shimoni. Lakini dukani soda na maji bado vinauzwa kwa chupa, na mkondo wa bahari unajua njia ya mikokoni. Anayeiondoa pale ni mama mwenye gunia.

Na huyo mama analipwaje? Hapa ndipo shida ilipo. Chupa ina namba ndani ya pembetatu, iangalie chini. Namba 1 ni chupa ya soda au maji. Namba 2 ni kama mtungi wa mafuta. Lazima zitenganishwe, maana zikiyeyushwa pamoja zinaharibiana. Huko kiwandani zinasagwa, zinaoshwa, zinayeyushwa, zinakuwa punje za kutengenezea kitu kingine. Chupa nzima lakini ni hewa tupu. Lori linajaa pomoni na uzito hamna, na mafuta ya kwenda Mombasa ni yale yale. Basi dalali anakata gharama yake yote kwenye bei yako. Mimi niliwahi kupeleka magunia sita ya wiki nzima, mzani ukasoma kama nimebeba pamba. Bibi alipima upya kwa mzani wa muuza samaki, tukakuta tumepunjwa. Tulinyamaza, kwa sababu hakukuwa na mnunuzi mwingine.

Halafu kuna hili. Mwaka 2018 kule Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa vipande vya kandambili kama 30,000. Mapema 2019 likasafiri hadi Unguja, dunia nzima ikapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Lakini jiulize: taka ikiwa jahazi tunaiita ubunifu, ikiwa bado iko mgongoni mwa mama tunamwita chokoraa. Ni plastiki ile ile, jamani.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 inasema kampuni inayoleta plastiki sokoni ibebe jukumu lake hata baada ya kutumika. Maneno matamu hayo. Mimi nitayaamini siku jukumu hilo litakapofika Majoreni likiwa na umbo: mashine moja ya kukandamiza chupa, ya kikundi na si ya bwana mkubwa, ili lori libebe uzito badala ya hewa. Na mzani uliowekwa hadharani, kila mtu ausome.

Msomi mmoja aliwahi kuniambia nimepoteza masomo. Labda. Lakini bibi yangu amesomesha binamu zangu wawili kwa chupa mlizotupa nyinyi mkija kula raha Diani. Kwa hiyo ukimwona mtu na gunia ufuoni, msalimie. "Shikamoo" haigharimu kitu. Na ile chupa iliyo mkononi mwako, usiikanyagie mchangani. Mpe.