Kabla kompyuta haijasoma mapafu: filamu, skana na vumbi la Dodoma



Kuna mjadala nimeufuatilia kwa muda, wa kompyuta zinazosoma picha za eksirei. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo unaokubali programu ya kompyuta itumike badala ya jicho la mtaalamu kuchuja watu wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu, kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Tangu hapo wengine wanashangilia, wengine wanasema madaktari watakosa kazi, na karibu wote wanaongea kama vile kitu hiki kimedondoka kutoka mbinguni.

Mimi nasema turudi nyuma kidogo. Picha ya kifua ina historia ndefu, na mikoa yetu ya kati imo ndani yake. Ukiisoma vizuri utakuta kuna mtu mmoja anayesahaulika kila mara: fundi. Simzungumzii aliyebuni mashine. Namzungumzia yule anayekaa nayo Jumatatu hadi Jumamosi na kujua lini inasema uongo.

ILIKUJA NA WANAJESHI

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii Novemba 8, 1895, mjini Würzburg, Ujerumani. Haukupita mwaka ikawa imeshagusa historia ya upande wetu wa dunia. Waitalia walipochapwa na Wahabeshi kule Adwa, Machi 1896, majeruhi wao walirudishwa Naples, na madaktari wa jeshi wakatumia eksirei kutafuta risasi mwilini mwao. Mwaka 1898, katika vita vya Waingereza huko Sudan, Meja John Battersby alibeba mashine hadi kando ya mto Nile. Umeme je? Hakuna. Watu walipanda baiskeli ya viti viwili, wakapiga pedali, wakazungusha dinamo iliyochaji betri.

Tunacheka leo, lakini hebu fikiria. Tangu siku za mwanzo kabisa barani kwetu, swali la kwanza la eksirei lilikuwa nani atazungusha pedali.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na ndiyo iliyorahisisha kusafirisha mizigo mizito kuja bara. Lakini kupata mashine ni jambo moja, kupata picha ni jambo jingine. Filamu ya eksirei ni karatasi ya plastiki iliyopakwa ute wenye chembe za madini ya fedha. Ukishaipiga mionzi lazima uisafishe kwenye chumba cha giza: dawa ya kwanza, dawa ya pili, kisha maji mengi safi. Dawa ya kwanza inataka joto la nyuzi kama 20 hivi. Ikipata joto zaidi, picha inaiva upesi mno na kuwa na ukungu.

Sasa lete mambo hayo Dodoma. Mvua kwa wastani ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Katika nchi ambako mama anatembea kilomita kadhaa kutafuta ndoo ya maji, filamu nayo inadai maji yake. Kila picha safi iliyotoka kwenye chumba cha giza cha ukanda huu ilikuwa kazi ya mtu aliyejua kupima joto, kutunza dawa na kubana matumizi ya maji.

TANZANIA ILIPOIWEKA EKSIREI PEMBENI

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi wa rika langu hawalijui. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Mtaalamu mkuu aliyesaidia kuujenga alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia. Njia iliyofuatwa ilikuwa rahisi: pima makohozi kwa hadubini, toa dawa, mfuatilie mgonjwa mpaka amalize, andika kila kitu kwenye rejesta. Miaka ya 1990 WHO iliichukua njia hiyo na kuieneza duniani kwa jina la DOTS. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya dunia ilijifunza kutoka Tanzania namna ya kupambana na kifua kikuu bila kutegemea eksirei.

Kwa nini iliwekwa pembeni? Filamu ni ghali na mashine zinaharibika. Halafu kuna sababu iliyo nzito zaidi: wasomaji wawili wenye ujuzi wakipewa filamu ileile, mara nyingi hawakubaliani. Mmoja anaona kovu la zamani, mwingine anaona ugonjwa. Hadubini ikiona vijidudu, ubishi umekwisha.

Lakini hadubini nayo ina upofu wake. Watoto wengi hawawezi kutoa makohozi. Wagonjwa wenye vijidudu vichache wanapita bila kuonekana, na UKIMWI ulipokuja wagonjwa wa namna hiyo wakaongezeka sana. Ndipo watu wakaanza kuitazama tena ile picha ya kifua. Swali likabaki palepale: nani ataisoma? Madaktari bingwa wa radiolojia walikuwa wachache mno, na hawakukaa Manyoni wala Kondoa.

PICHA INAPOTAFUTA DAKTARI

Kama bingwa haji kwenye picha, basi picha imfuate bingwa. Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Miaka ya 1960 hospitali za vijijini Afrika Mashariki zilitumia redio za AMREF kuomba ushauri, na aliyetaka kueleza filamu alilazimika kuieleza kwa maneno. Miaka ya 1990 mtandao wa HealthNet, uliotumia setilaiti ndogo, uliwafikishia madaktari wa Afrika barua pepe, Tanzania ikiwemo. Maandishi yalipita vizuri. Picha ilikuwa mzigo.

Tufanye hesabu. Filamu ya kifua ya ukubwa kamili ina inchi 14 kwa 17. Ukiiskani kwa nukta 150 kila inchi unapata nukta zaidi ya milioni tano. Kila nukta ikitunzwa kwa baiti mbili, faili linakuwa kama megabaiti 10.7. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, hiyo ni dakika 25 laini ikiwa nzima kabisa. Nani kati yetu alipata laini nzima kwa dakika 25 siku hizo? Mkonga wa SEACOM ulifika pwani yetu Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa ya kutisha.

Nasema "ukiiskani" kana kwamba ni jambo dogo. Skana ya ofisini inamulika karatasi na kupokea mwanga unaorudi. Filamu inataka mwanga upite katikati yake. Tena sehemu nyeusi za filamu zinaweza kupitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya elfu, na ndani ya weusi huo ndimo mapafu yalimo. Skana ya kawaida yenye ngazi 256 za kijivu inauona weusi wote kama lami. Ndiyo maana kampuni kama VIDAR na Lumisys zilitengeneza skana maalumu za filamu, zenye ngazi 4,096 na zaidi.

SIKU YA KUIFUNGA

Niliwahi kukaa mchana mzima na fundi mmoja mtu mzima, akihangaika na skana ya aina hii katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilichojifunza siku ile hakikuwa kwenye mabango ya mradi wowote.

Kwanza, waya. Skana nyingi za wakati huo ziliunganishwa kwa kadi ya SCSI, ambayo mafundi waliitamka "skazi". Kila kifaa kwenye mnyororo lazima kiwe na namba yake, visigongane, na mwisho wa mnyororo ufungwe kizibo. Pili, utaratibu wa kuwasha: skana kwanza, subiri taa yake ipate joto, ndipo uwashe kompyuta. Ukianza na kompyuta, kadi inatafuta skana, haiioni, na wewe unaambiwa mashine mbovu kumbe nzima. Umeme ukikatika katikati unaanza upya. Wanaokumbuka mgao wa 2006, wakati Mtera ilipokauka pale pale jirani na Dodoma, wanajua ninachosema.

Tatu, draiva, ile programu ndogo inayoifanya kompyuta ielewane na skana. Imeandikwa kwa ajili ya Windows ya mwaka fulani. Ukibadilisha kompyuta, skana inageuka kuwa sanduku. CD yenye draiva ikipotea, umepoteza mashine ya mamilioni kwa kipande cha plastiki.

Nne, usiache programu "ipendezeshe" picha yenyewe. Kile kitufe cha kurekebisha mwanga kinaweza kufuta kivuli ambacho daktari alikuwa anakitafuta. Tano, upande. Filamu inaonekana mbele na nyuma, na ukiiingiza kinyume moyo unahamia kulia. Ndiyo maana mpiga picha huweka herufi ya risasi kuonyesha kulia au kushoto, na anayeskani lazima aitazame kila mara.

Halafu likaja lile lililonifanya niandike makala hii. Kwenye skrini, pafu la kulia lilikuwa na mstari mweupe mwembamba kutoka juu hadi chini. Mimi nikaanza kuuliza kama ni mbavu au ni ugonjwa. Yule mzee hakujibu. Akanitazama tu, akasema, "Geuza filamu, kijana." Tukaizungusha robo na kuiskani upya. Pafu likazunguka pamoja na filamu. Mstari ukabaki palepale.

Lilikuwa vumbi. Chembe moja imekaa juu ya kioo cha kihisi, filamu inapita chini yake, na chembe inachora mstari kwenye kila mgonjwa. Kitambaa laini, dakika mbili, mstari umekwisha.

SASA KOMPYUTA

Skana hizi hazikudumu sana kwenye historia. Wengine walizikwepa mapema: mfuko wa hisani wa Swinfen wa Uingereza ulianza mwaka 1999 huko Bangladeshi kwa kuweka filamu kwenye kisanduku cha taa, kuipiga picha kwa kamera ya dijitali na kuituma kwa barua pepe. Baadaye eksirei za dijitali zikaondoa filamu yenyewe. Kodak, jina lililokuwa sawa na filamu, iliuza kitengo chake cha afya mwaka 2007 na kuomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012. Dodoma nayo imebadilika. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa 2015, ilishiriki upandikizaji wa figo mwaka 2018.

Kwa hiyo vumbi limekwisha? Hapana. Sahani za dijitali nazo zinachafuka na kuchubuka, na herufi ya kushoto bado inaweza kuwekwa kulia. Tena soma mwongozo wa WHO kwa makini: unahusu picha za kifua za dijitali. Hauhusu filamu iliyopigwa picha kwa simu dirishani. Programu inaweza kutoa alama yake hata kwa picha yenye mstari wa vumbi. Haitakwambia ugeuze filamu.

Na zile filamu za zamani je? Katika nyumba nyingi mgonjwa amekaa nazo mwenyewe, kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Ndimo kumbukumbu za mapafu ya wachimbaji wa Singida na wakulima wa Kongwa zilimo. Zikiskaniwa vizuri zinaweza kumwonyesha daktari wa leo kama kovu ni la juzi au la miaka ishirini. Zikiskaniwa ovyo ni bora zibaki kabatini. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp siyo mchezo tena.

Nawaomba waandishi wenzangu, siku tutakapoalikwa kwenye uzinduzi wa mashine mpya, tuache kuuliza bei yake tu. Tuulize: draiva iko wapi? Nani kafundishwa kuisafisha, na akihamishwa nani anabaki? Kuna filamu ya kupimia kila asubuhi kama mashine inaona sawasawa? Na yule anayeijua, analipwa nini?

Naomba kutoa hoja.