Kituo cha Urafiki

Kila asubuhi, Mwendokasi ya kutoka Kimara inapokaribia kituo cha Urafiki, huwa nainama kuchungulia nje kupitia kwapa la abiria mwenzangu. Nakitafuta kiwanda alichofanyia kazi marehemu babu.

Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na karibu yake zikajengwa nyumba za wafanyakazi. Babu hakubahatika kupata nyumba. Alipanga chumba Manzese, akawa anatembea: dakika 20, au 15 akiwa amechelewa. Hakuwahi kulipa nauli ya kwenda kazini, na jambo hilo alilisimulia kwa majivuno ya mtu aliyekwepa mtego. Nilidhani ni ubahili tu, mpaka nilipoanza kusoma historia ya usafiri wa jiji hili kwa ajili ya tasnifu yangu.

Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, lilianzishwa mwaka 1974, wakati mbaya kabisa. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda dunia nzima, fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa haba, na watu walizidi kumiminika mjini. Kuna kipindi serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta. (Leo tungeiita sera ya mazingira na kuiandalia kongamano.) Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala, na jina la daladala likazaliwa hapo.

Kinachonivuta zaidi katika kipindi hicho ni mabasi ya wafanyakazi. Mashirika mengi ya umma yalikuwa na basi lake la kuwazoa watu mitaani asubuhi na kuwarudisha jioni. Jirani mmoja wa babu alikuwa akipanda basi la namna hiyo, na alituambia kwamba likiharibika njiani wote walichelewa pamoja, wala hakuna aliyeandikiwa barua. Kufika kazini lilikuwa jambo la mwajiri pia. Baadaye mabasi hayo yakapungua, na safari ikabaki mzigo wa mfanyakazi peke yake.

Dar es Salaam ilishinda tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza Afrika kuipata, kwa sababu ya Mwendokasi iliyoanza kazi mwaka 2016. Binafsi naona ilistahili, pamoja na msongamano wote ninaoulalamikia kila siku. Lakini waliokuwa wakitembea miaka yote hiyo hawakuhitaji kuhamasishwa na mtu.

Ofisi ninayofanyia kazi ya muda ilitoa tangazo mwaka jana: tuache magari nyumbani, tulinde mazingira. Tuko watu 30. Wenye magari ni sita, na maegesho yao hulipiwa na ofisi. Aliyelibandika tangazo ubaoni ni mhudumu wetu, mama wa makamo anayekuja kwa miguu kutoka Magomeni. Mto Msimbazi ukifurika na barabara ikafungwa pale Jangwani, yeye hukatwa mshahara kwa kuchelewa.

Nilisema kwenye kikao kwamba sehemu ya fedha za maegesho iwe posho ya wasio na magari, na siku za mafuriko watu wasikatwe. Nikaambiwa niandike. Niliandika ukurasa mmoja, na kabla ya kuupeleka nikamsomea yule mama. Alisikiliza akiwa ameegemea ufagio.

"Mwanangu, umeandika nauli tu," alisema. "Andika na viatu. Vinaisha kila baada ya miezi mitatu."

Nikaongeza viatu. Barua iko mezani kwa mkurugenzi tangu Machi.