Mtungi, Bahari na Akasha

Majirani zetu hutuuliza: ikiwa nchi takatifu ya Wahindu iko ng'ambo ya bahari, mbona mmejenga hekalu huku? Swali hilo ni la haki, na wazee wetu walijiuliza zamani.

Katika Rigveda, Vishnu anaupima ulimwengu kwa hatua tatu. Mahali ni kitu cha kupimwa. Watunga sheria wa kale nao wakaipimia ardhi takatifu mipaka. Baudhayana aliihesabu safari ya baharini miongoni mwa makosa ya kumshusha mtu katika tabaka lake. Hayakuwa maneno ya vitabuni tu: mwaka 1888 kijana Mohandas Gandhi alitengwa na wazee wa tabaka lake mjini Bombay kwa kuazimia kwenda kusoma Uingereza. Hali wakati huo wafanyabiashara wa Kutch walikwisha kuzoea kuabiri majahazi kutoka Mandvi hadi Muscat na Unguja. Biashara, sisi wenye maduka twajua, haingoji ruhusa ya wenye vitabu.

Ila ilikuwako fikra nyingine, kongwe kuliko sheria hizo. Chandogya Upanishad yafundisha kwamba ndani ya moyo mna uwazi mdogo, nao ni mpana sawa na uwazi wote wa nje. Uwazi huo huitwa akasha. Wanafalsafa wa Vaisheshika waliufanya kuwa kitu halisi kinachobeba sauti, wakautenga na dira za mashariki na magharibi. Kisha Gaudapada, na baada yake Shankara, wakatoa mfano wa mtungi: uwazi uliomo ndani yake waonekana mdogo, kumbe haukutengwa kamwe na uwazi wa nje, mtungi ukivunjika, hakuna kilichohama.

Utenzi wa Ramayana nao wamrusha Hanuman juu ya bahari, yojana 100, hadi Lanka. Aliporudi hakuna aliyemtoza kafara; alikumbatiwa.

Hata hivyo mvutano haujaisha. Kabla ya ibada, kuhani hutamka nia na kutaja mahali aliposimama, na maneno tuliyorithi yataja Jambudvipa na nchi ya Bharata. Wapo wazee wasiotaka yaguswe. Vijana wetu, waliozaliwa na kusoma hapa, huuliza wamesimama wapi hasa. Sisi twaona jina la mji huu nalo litajwe, kwa sauti, majirani walisikie.