Kisu cha kukunja katika nchi ya panga

Nambilanje, moja ya kata za wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, ni nchi ya korosho na ufuta. Ufuta ukikomaa hukatwa, hufungwa matita na kusimamishwa ukauke kabla ya kukung'utwa. Mikorosho hupogolewa, mashamba mapya hufyekwa, fito hukatwa. Kazi hizo zote hufanywa kwa panga, mundu na shoka, zana ambazo mabapa yake hayana kiungo. Kisu cha kukunja nacho kipo, ila kazi yake ni nyingine: kinafumua mdomo wa gunia, kinakata kamba, kinamenya chungwa, kisha kinarudi mfukoni.

Mgawanyo huo wa kazi una umri mkubwa kuliko wilaya yenyewe, iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Siku hizi unatikiswa. Kwenye minada na maduka ya vifaa vimejaa visu vya kukunja vyenye bapa jeusi, vingine vina picha ya komando kwenye boksi, na vijana wanavinunua wakiambiwa kwamba kisu hicho kimoja kinatosha kupasua kuni, kuchonga mpini wa jembe na kuchuna mbuzi. Historia ya kisu cha kukunja, pamoja na sehemu yake iliyopita hapa hapa kusini, inasema jambo jingine. Kisu hiki kimeaminika kwa kazi ngumu pale tu kiungo chake kilipopata msaada wa kitu cha pili.

Kishike kisu cha aina hiyo mkononi, ukifungue, uegemeze ncha kwenye ubao na kuisukuma kidogo upande, kushoto kisha kulia. Kama ni cha bei ya chini utasikia bapa linacheza. Katika kisu cha jikoni au panga, chuma cha bapa kinaendelea mpaka ndani ya mpini, na nguvu ya mkono inasambaa kwenye urefu wote huo. Katika kisu cha kukunja nguvu yote inapita kwenye pini moja ya milimita chache. Ukikitumia kubandua kitu kama mtaimbo, tundu la pini linapanuka. Ukigonga mgongo wake kwa gogo ili kupasua kuni, kila pigo linaishia kwenye pini na kwenye loki, ile sehemu inayozuia bapa lisijikunje. Loki ikiachia, makali yanarudi kwenye vidole vinne vilivyoshika mpini.

Udhaifu huo watu waliujua zamani sana. Visu vya kukunja vimechimbuliwa Hallstatt, Austria, kwenye makaburi ya zama za chuma, zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, na Warumi nao walikuwa na vyao. Vilikuwa vidogo, vya kubeba safarini, na havikuwa na loki. Hata kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 1891, ambacho wajukuu wake leo wanauzwa dunia nzima, kilishikiliwa na springi ya mgongo peke yake. Kilikusudiwa kufungua kopo la chakula na kufungulia skrubu za bunduki. Kwa vita askari alikuwa na singe.

Kisu cha kukunja chenye uhusiano wa karibu zaidi na Afrika yetu kilitoka Solingen, mji wa Ujerumani uliojipatia jina kwa makali. Mwaka 1902 kilianza kutengenezwa huko kisu kilichokusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika, na koloni kubwa kuliko yote lilikuwa hili letu. Kilipewa jina la Okapi, mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla. Toleo lake linalojulikana sana lina mpini wa mbao wenye nyota na miezi michanga, na mgongoni lina pete. Unapolifungua meno yake yanalia moja baada ya jingine mpaka bapa linakaa. Kulikunja, lazima uvute pete.

Ukikitazama kisu hicho unaona kwamba watu wa Solingen walifikiri juu ya mteja wao. Chuma chake ni cha kaboni, kinashika kutu lakini kinanolewa kwa jiwe lolote la mtoni. Meno na pete ni msaada wa pili wa kiungo, ingawa ni msaada mdogo: vinazuia bapa lisirudi, havizuii lisicheze upande. Kwa hiyo Okapi imedumu zaidi ya karne moja kama kisu cha mfukoni cha mtu wa kazi, ikavuka mpaka Jamaica, na tangu mwaka 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Haikuwahi kuchukua nafasi ya panga, wala haikutengenezwa ichukue.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta kisu kingine. Mwaka 1917 majeshi ya Uingereza yalipambana na ya Kijerumani ya Lettow-Vorbeck katika nchi hii: Narungombe mwezi Julai, Ruponda na Mahiwa mwezi Oktoba. Askari wa Uingereza alikuwa na kisu cha kukunja cha jeshi, chenye bapa pana, kifungua kopo na msumari wa kufumulia mafundo ya kamba. Kilikuwa kizito, pini yake nene kuliko ya visu vingi vya dukani leo, na bado jeshi halikutarajia mtu afyeke njia nacho. Msituni kazi hiyo ilikuwa ya panga na shoka, na waliolipa gharama kubwa kuliko wote ni wapagazi, maelfu kwa maelfu, waliokufa kwa njaa na maradhi huku majina ya wengi wao hayakuandikwa.

Miaka 30 baadaye Nachingwea ilishuhudia kosa la kuipa zana kazi isiyojengewa, kwa kipimo kikubwa mno. Mpango wa Karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa Januari 1951 baada ya kupoteza kama pauni milioni 36, ulileta mitambo ya kung'oa misitu, mingine ikiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa trekta. Mashine zilikabidhiwa mizizi na udongo ambazo hazikujengewa. Reli ya kutoka Mtwara mpaka Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa.

Nachingwea hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuona chuma cha kukunja kilichostahili kuaminiwa. Mashamba yaliyoachwa na mpango wa karanga yalipata kazi mpya: kuanzia mwaka 1965 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo hapa, Samora Machel akiwa miongoni mwa waliowaandaa wapiganaji, na wakufunzi wa Kichina walifika pia. Pamoja na Kalashnikov, wapiganaji hao walitumia bunduki iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov mwaka 1945, ambayo Wachina walianza kuitengeneza mwaka 1956. Hapa nchini wengi wanaijua kwa jina la SAR.

Singe ya SAR haichomolewi. Imepachikwa chini ya mtutu kwa pini, na isipotumika inakunjwa kuelekea nyuma. Kuifungua, unalivuta shina lake dhidi ya springi, unalizungusha mpaka linyooke mbele ya bunduki, kisha unaliachia. Hapo pete iliyopo kwenye shina inavaa mdomo wa mtutu. Kuanzia sasa singe haitegemei pini peke yake. Imeshikwa mahali pawili, na pigo la mbele linapokelewa na chuma kinene cha bunduki. Askari aliyechoma gunia la mchanga kwa nguvu zake zote katika mafunzo hakuwa na sababu ya kuogopa kwamba makali yatamrudia.

Pete ile ndiyo tofauti yote, na ndiyo waliyoihangaikia mafundi wa visu vya raia wakati huo huo. Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu chake cha wakulima huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Kilikuwa na bapa jembamba, mpini wa mbao na pini, basi. Ilichukua mpaka mwaka 1955 kiwanda chake kuongeza pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini ili bapa lisijifunge. Mwaka 1964 kampuni ya Buck ya Marekani ilitoa modeli ya 110, yenye loki mgongoni na mashavu ya shaba njano, kwa wawindaji waliotaka kuchuna paa bila kubeba kisu kirefu kisichokunjika. Hapo ndipo Wamarekani wengi walipoanza kukipa kisu cha kukunja kazi za kisu kamili. Miaka ya 1980 Michael Walker aliboresha loki ya bamba jembamba linaloingia nyuma ya bapa. Chris Reeve, fundi aliyetokea Afrika Kusini, akaikuza zaidi katika kisu chake cha Sebenza kwa kuufanya ubavu wenyewe wa mpini, mnene na wa titani, uwe ndiyo loki.

Visu vyeusi vya minadani ni nakala za kazi ya Walker. Wazo lake ni zuri kweli kweli, lakini linategemea vipimo. Bamba likikatwa jembamba, au uso wake ukikaa vibaya nyuma ya bapa, linateleza pale unapobana mpini kwa nguvu, yaani pale hasa unapolihitaji. Unaweza kulipima dukani kabla hujatoa hela: kifungue, kishike kwa namna ambayo vidole haviko kwenye njia ya makali, kisha gonga mgongo wa bapa taratibu kwenye ukingo wa meza. Kikijifunga, kirudishe.

Wakati huo huo panga halikusimama mahali pamoja. Kwa miaka mingi lilitoka Birmingham likiwa na chapa ya mamba. Baada ya uhuru kiwanda cha zana za kilimo cha UFI kilijengwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China, na wakulima waliokuwa na umri wa kushika jembe wakati huo wanalikumbuka jina lake mpaka leo. ZZK ya Mbeya ilifuata. Pamoja na hayo, wahunzi hawakuacha kufua. Chuma chao leo ni springi za magari, ambacho mtu hahitaji cheti kukiamini: kilikwishabeba tani za mzigo kwenye barabara mbovu kabla hakijafika kwenye mvukuto. Kisu kidogo kilichofuliwa kwa springi, chenye shina linalopita ndani ya mpini na ala ya ngozi, kitapasua, kitachonga na kitachuna mwaka hadi mwaka.

Sina ugomvi na kisu cha kukunja. Mkulima anayepeleka korosho kwenye chama cha msingi anakihitaji ghalani kuliko anavyohitaji panga, na ganda la korosho mbichi lenye mafuta yanayounguza ngozi ni bora likutane na makali madogo yaliyo imara. Ugomvi wangu ni na boksi lenye komando. Mhunzi akikuuzia panga likavunjika, unajua nyumbani kwake. Aliyeagiza kisu cheusi hajulikani, na kwenye boksi hakuna aina ya chuma wala neno moja kuhusu loki. Shirika la Viwango lingeweza kuanza na hilo: hakuna kisu cha kukunja kiingie sokoni kikiwa na ahadi ya kazi nzito kabla bapa lake halijaning'inizwa mzigo, loki ikiwa imefungwa, na uzito uliobebwa ukaandikwa kwenye boksi kwa Kiswahili.