Askari wa Zamani na Medali Iliyochelewa

Katika yubilei hii tumetaka kuwakumbuka pia askari wa zamani wa Force Publique.

Mwaka 1941 walipita Aba, kaskazini yetu, wakafika Juba, halafu wakaingia Abisinia kupigana na Waitaliani. Mwezi wa tatu waliteka Asosa na Gambela. Mwezi wa saba Jenerali Gazzera akajisalimisha kwao kule Saio. Wapagazi waliwabebea chakula na risasi, na wapagazi, kama kawaida, hawasifiwi.

Tarehe 8 mwezi wa sita 2022, katika Kinshasa, mbele ya ukumbusho wa askari wa zamani, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha medali Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, ambaye vita hiyo ilimfikisha hata Burma. Alihesabiwa kuwa wa mwisho kati yao.  Wenzake Kunyuku walikuwa wamekwisha kumtangulia kaburini. Heshima ile ilikuwa haki yake, hatukatai. Ila ilichelewa miaka zaidi ya 75, ikakuta kifua kimoja mahali pa maelfu.

Kwa hiyo tunaomba: yeyote ambaye babu yake alikuwa askari ao mpagazi wa Bulamatari, alete jina lake kwa padri paroko, lisomwe katika Misa ya marehemu.