Kabla Mastaa Hawajalipwa Kuvaa, Wanawake wa Pwani Walishaifanya Kazi Hiyo Bure

Kila wiki mtandaoni kuna staa mpya ametangazwa kuwa balozi wa brandi. Anapewa nguo, anapigwa picha, analipwa, halafu mashabiki wanaanza kuulizana bei. Wengi wanaamini mchezo huu ulibuniwa Ulaya ukaja Bongo pamoja na simu janja. Sasa sikia hii: pwani yetu ilikuwa inaucheza zaidi ya miaka 120 iliyopita. Tofauti ni kwamba huku balozi hakulipwa hata senti, na bado tajiri mwenye mzigo ndiye aliyemnyenyekea.

Tuanze na hao Ulaya. Mwaka 1858 fundi Mwingereza, Charles Frederick Worth, alifungua nyumba yake ya mavazi Paris. Mteja wake mkubwa akaja kuwa Eugénie, mke wa mfalme Napoleon III wa Ufaransa. Alichovaa Eugénie kwenye dansi la ikulu, wake wa matajiri walikitaka. Worth pia ni kati ya watu wa kwanza kushona lebo yenye jina lake ndani ya gauni, kama mchoraji anavyosaini picha.

Mwaka 1896 Georges Vuitton, mtoto wa Louis Vuitton, akatoa ule mchoro wa herufi L na V na vimaua unaoonekana hadi leo. Sababu moja kubwa ilikuwa kuwakomesha waliokuwa wanakopi masanduku ya nyumba yao. Kwa hiyo feki haikuanzia Kariakoo. Feki ni mojawapo ya sababu za kuzaliwa kwa nembo maarufu kuliko karibu zote duniani.

Huo ndio mfumo wa Paris: heshima ya nguo inaanzia kwa malkia, inashuka kwa tajiri, mwishoni inamfikia mtu wa kawaida ambaye amechelewa na hana hela. Kanga ilienda njia nyingine kabisa.

NGUO ILIYOPANDISHWA NA WALIOKUWA CHINI

Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wananunua leso za kuchapwa zilizoletwa na wafanyabiashara, wakaziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja kubwa ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza kitambaa kizima chenye sura hiyo. Ndiyo kanga tunayoijua: pindo pembeni, mji katikati, baadaye na jina chini yake. Yaani mteja ndiye aliyebuni bidhaa, kiwanda kikafuata.

Kilichoipa kanga nguvu, hata hivyo, ni historia yenye maumivu. Zama za utumwa, nguo ilikuwa kitambulisho. Mtumwa alionekana kwa merikani, pamba nyeupe ya bei rahisi isiyotiwa rangi, au kaniki, kitambaa cheusi cha kazi. Mtu alikutazama tu akajua wewe ni wa nani. Tarehe 6 Aprili 1897 ikatoka amri ya kufuta utumwa Unguja. Karatasi iliwapa watu njia ya kudai uhuru wao, lakini karatasi haivaliwi. Wanawake waliotoka utumwani wakaziacha merikani na kaniki, hela ndogo waliyopata wakainunulia kanga. Walitaka mtu akiwatazama asijue tena walikuwa wa nani.

Hapo ndipo brandi ya kanga ilipojengwa. Hakuna kampuni iliyolipia tangazo. Wanawake hao walipita mtaani, wakaenda ngomani na harusini wakiwa na doti mpya, na kila aliyewaona alielewa ujumbe.

Wafanyabiashara wakajikuta wana wateja wagumu kuliko wa Paris. Michoro ilichapwa mbali, Uingereza na Uholanzi, baadaye India na Japani, na mzigo ulisafiri kwa meli. Ukifika umechelewa, wanawake wameshahamia rangi nyingine, umedoda. Kanga iliyogombaniwa mwezi huu, miezi michache baadaye ilikuwa ya kufungia mizigo. Ndiyo maana wauzaji walilazimika kuwauliza wanawake wanataka mchoro gani kabla ya kutuma oda. Leo kampuni kubwa zinalipa watu kuchunguza vijana wanataka nini. Wauzaji wa Unguja walifanya hivyo kwa kukaa barazani na kusikiliza.

Mombasa nako, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887. Anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuweka misemo ya Kiswahili kwenye kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi za kizungu. Hadi leo kanga zake zinaandikwa KHE, Mali ya Abdulla. Hiyo ni nembo kamili, ya zama zilezile za ule mchoro wa Vuitton. Ila mwanamke hakununua kwa sababu ya jina la Abdulla. Alinunua kwa sababu ya jina la kanga, ule msemo, ambao aliuchagua yeye ili aseme alichotaka kumwambia jirani, mume au mke mwenza. Nembo ya tajiri ilikaa pembeni, maneno ya mvaaji yakakaa mahali pa kusomwa.

MWAKA AMBAO MINISKETI ILIKUWA KOSA KARIAKOO

Baada ya uhuru, serikali na chama navyo vikataka kushika usukani wa mavazi. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi Dar es Salaam. Nchi sasa ingechapa kanga na vitenge vyake. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku minisketi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua ngozi.

Tarehe yenyewe haikusubiriwa. Siku chache baada ya tangazo, makundi ya vijana wa kiume yalikuwa Kariakoo yakiwavamia wanawake waliovaa nguo fupi au za kubana, wengine wakiwa kwenye mabasi, hadi polisi wakaingilia. Magazeti yakajaa barua za wasomaji wakibishana. Kuna waliosema minisketi ni utumwa wa kizungu. Kuna waliouliza kwa nini utamaduni wa taifa zima ubebwe na mapaja ya wanawake peke yao, wakati wanaume wanavaa suti kutoka Ulaya na hawaguswi. Wadada wengi wa mjini walikuwa wanaanza kazi za ofisini na kupokea mshahara wao wenyewe. Ugomvi wa sketi ulikuwa pia ugomvi wa nani ana haki ya kutumia hela yake anavyotaka.

Matokeo? Miaka ya 1970 vijana wa Dar walikuwa kwenye bugaluu na viatu vya raizoni. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikamwagika na kila mtu akajichagulia. Kanga nayo haikufa, maana haikuwahi kuhitaji amri ili ivaliwe.

MTAA UNAOGOPWA NA KUKOPIWA

Nyumba kubwa za mavazi zinalijua somo hili, na zinaliogopa. Miaka ya 2000 mwanzoni, draft la Burberry lilipendwa na vijana wa mitaani Uingereza, orijino na feki zikichanganyika. Kampuni ikaona sura yake inachafuka, ikaiondoa sokoni kapelo yake ya draft. Mwaka 2018 ikabainika kwamba Burberry ilikuwa imeharibu bidhaa za zaidi ya pauni milioni 28 ndani ya mwaka mmoja badala ya kuziuza kwa bei ya chini. Baada ya kelele ikatangaza kuacha. Bora iungue kuliko ivaliwe na asiyetakiwa, ndiyo ilikuwa hesabu yenyewe.

Lakini mtaa huohuo ndio unaokopiwa. Mwaka 2011 Louis Vuitton ilionyesha Paris mavazi ya kiume ya mbunifu Kim Jones, aliyewahi kuishi Kenya utotoni, yakiwa na midraft ya shuka za Kimasai. Shuka ambayo Kariakoo inauzwa ikiwa imekunjwa kwenye meza ikageuka kitu cha kifahari kwa sababu tu ya jukwaa iliyopandishwa. Wamasai walishafanya kazi ya ubalozi miaka mingi, wakitembea na shuka hiyo kila mahali. Malipo yakaenda kwa mwenye nembo.

Ukiingia Mtaa wa Uhuru, ule uliokuwa ukiitwa Kichwele, utakuta maduka ya kanga yamepangana, mama anafunua doti moja baada ya nyingine, anasoma jina, anatikisa kichwa, anasema hii hapana. Muuzaji anaikunja na kuleta nyingine. Hatua chache mbele, kijana anahesabu hela yake yote anunue mkanda wenye herufi za mtu asiyemjua, tena feki, ili mtaa umheshimu.

Wote wawili wananunua heshima. Mama ndiye anayemfanya muuzaji ahangaike. Kijana anahangaika mwenyewe, halafu anamtangaza tajiri wa Ulaya bila mkataba, wakati tajiri huyo anamlipa staa kwa kazi hiyohiyo.

Kuna kanga inauzwa miaka yote imeandikwa Usisafirie Nyota ya Mwenzio. Bei yake haifiki hata nusu ya mkanda.